Jiko la Marehemu

Leo nimemuua mama mkwe. Kwa mdomo, dukani, mbele ya mashahidi. Mchana wakaja kumlilia, wakamkuta anakoroga pombe.

Ngojeni nianze mwanzo, ndugu zangu, maana najua mtani wangu Masima ameshaanza kuisambaza kwa namna yake.

Jumapili binti yetu mdogo anabatizwa. Tumempa jina la bibi yake mzaa mama, na bibi mwenyewe ametoka Sikonge juzi na mtama wake, kimea alichokiotesha kwa mkono wake, na pipa. Pipa lilikuja juu ya basi kama mtu anayehama. Kwa msiomjua mama mkwe wangu, pombe yake ya mtama watu wanaifuata kwa baiskeli kutoka vijiji vya mbali, na haijawahi kupikwa kwenye uwanja wangu. Miaka yote ya ndoa yangu na Kulwa, huyu mama akija anasalimia, anakunywa chai, anaaga kabla jua halijapoa. Na haniiti mwanangu. Ananiita "huyo bwana". Anamwambia Kulwa, "Mwambie huyo bwana wako anisogezee kigoda," na mimi nimesimama hapo hapo na kigoda mkononi.

(Kosa langu ni moja tu. Napiga picha za pasipoti na kuuza vocha. Kwake yeye, mwanamume asiyeshika jembe ni mgeni aliyechelewa kuondoka.)

Kwa hiyo aliposema mwaka huu pombe ya mjukuu ataipikia kwangu, sikulala. Nilijua mtihani umefika.

Jana jioni nikamwona ameinama kwenye mafiga anajaribu kuni, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Macho yake yamekwisha kwa moshi. Ni miaka ya kupika pombe, na daktari alishamwambia aachane na kuni, naye akamwambia daktari aje apike yeye. Nikamhurumia sana. Na kusema kweli nikaona na mwanya wangu hapo. Nikamwambia Kulwa kwa sauti ya kusikika mpaka mafigani, "Mwambie mama asihangaike na kuni. Kesho naleta jiko la gesi, kubwa, la kukalisha pipa zima."

Mama mkwe akafuta macho kwa kanga. "Tutamwona huyo bwana," akasema.

Kwa wanaomfahamu, hiyo ni sifa kubwa.

Asubuhi nikatoka kifua mbele, nikaenda dukani kwa Mzee Nasoro. Huyu ni mzee wa majiko na mitungi ya gesi hapo karibu na soko. Alhaji, mtu wa swala tano, kanzu yake haina hata alama ya kidole. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na baiskeli nimefundishwa naye, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Ni mtu ambaye ukimwona kwa mbali unazima sigara hata kama huvuti.

Kwenye mtungi mmoja hapo mlangoni alikuwa amekaa Masima, dereva wa bajaji, Mgogo wa Dodoma, mtani wangu. Wagogo na sisi Wanyamwezi tunataniana tangu wazee wetu wanapita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani, wakiomba maji na kuzungushwa. Masima hajawahi kuniacha nipite salama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Shija. Nyumbani hawajambo? Unatafuta nini leo?"

"Jiko la gesi."

Akanionyesha kwanza lile dogo la kuchomeka juu ya mtungi. Nikasema dogo. Akanionyesha la kioo, la plate mbili, linang'aa mpaka nikaziona ndevu zangu. Nikaliwazia pipa la mama mkwe juu ya kile kioo, nikatikisa kichwa. Mzee akauliza swali la haki kabisa, swali ambalo muuza jiko yeyote angeuliza.

"Sufuria lako lina ukubwa gani?"

"Ni pipa, mzee."

Akavua miwani. "Pipa? Unapika nini kwenye pipa?"

Jamani. Mzee wa watu amesimama na tasbihi mkononi, ananiangalia kwa yale macho aliyokuwa ananiangalia nayo nikianguka na baiskeli. Ulimi ukakataa katakata kutamka pombe. Ukasema, "Uji."

"Uji wa pipa zima?"

"Wa watu wengi."

"Mna shughuli?"

Hapo nikaona shimo. Nikisema shughuli, rafiki wa baba atakuja na kanzu yake mpya, nami nitamkaribisha kwenye pipa la pombe. Nikasema haraka haraka, "Hapana mzee, si shughuli kabisa."

Akanipima kwa macho. Watu wengi, uji wa pipa, na si shughuli. Uso ukambadilika, akanishika bega. "Nani ametutoka, mwanangu?"

Wakati huo huo simu yangu ikaita mkononi. Kioo kimeandika MAMA MKWE, herufi kubwa, kama mlivyonifundisha kumheshimu. Mimi nilihitaji jina la mtu wa kufa, na simu ikanipa.

"Mama mkwe," nikasema.

"Innalillahi," akasema Mzee Nasoro, akakaa chini.

Simu ikaendelea kuita. Mzee akaiangalia, akasoma. Akaniangalia mimi. Akaiangalia tena.

"Na huyo anayepiga?"

"Ni Kulwa. Anatumia simu ya marehemu."

"Pokea, labda kuna jambo la mazishi."

"Siwezi, mzee. Nikisikia sauti nitalia." (Hapo sikudanganya hata kidogo.) Nikakata. Ikaita tena. Nikakata tena. Ya tatu nikaizima kabisa, nikaitumbukiza mfukoni, na Mzee Nasoro akadhani ni uchungu.

Basi akainuka mwenyewe, akaingia stoo, akatoka na dude la chuma la miguu mitatu, pana kama meza ya kahawa, matundu yake ukiingiza kidole gumba kinapita. "Hili ndilo la misiba," akasema. "Pipa linachemka hujamaliza kusalimia wafiwa." Akafunga mpira, akanichagulia mtungi mkubwa, akakataa kabisa kuweka faida yake. Nikasimama nikijiona mdogo kama kiroboto. Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Nikasema, "Ahsante mzee, Mungu akulipe."

Masima alikuwa amenyamaza muda wote, jambo ambalo lingenitisha kama ningekuwa na akili. Akapakia jiko kwenye bajaji, akawasha, tukakata kona ya kwanza, ndipo akageuka.

"Mtani, umefiwa na hukuniambia."

"Masima, sikiliza. Hajafa. Mama mkwe yupo nyumbani, mzima."

Akacheka mpaka bajaji ikayumba. "Nawajua ninyi. Mnyamwezi anaficha msiba ili watani tusile kuku."

"Hajafa kweli, nakuapia."

"Na mimi nakuapia nitalia mpaka utoe jogoo."

Ndiyo hasara ya mtani. Siku utakayomwambia ukweli, hana pa kuuweka. Nikaona heri asifike nyumbani. Nikamwambia anishushe kwenye kona ya kanisa, nikabeba jiko kichwani na kuviringisha mtungi kwa mguu mtaa mzima. Nikajipanga. Kesho nitarudi kwa Mzee Nasoro nimwambie yote taratibu. Nyumbani kwangu hapajui, tulihamia Isevya mwaka juzi tu. (Anayepajua ni Masima. Lakini akili yangu leo ilikuwa likizo.)

Nyumbani mama mkwe alikuwa tayari. Pipa liko juu ya mawe nyuma ya nyumba, maji yamo, na yeye amekaa pembeni na ungo wa unga wa mtama mapajani, anapepeta. Nikasalimia nikiangalia pembeni, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kulwa, muulize bwana wako kwa nini simu yake imezimwa."

"Chaji, mama," nikasema. Nikaanza kufunga jiko kabla ya swali la pili. Mtungi mbali, mpira umenyooka, jiko chini ya pipa. Tatizo likawa kiberiti. Nyumba nzima hakuna kiberiti, nikaazima kwa jirani. Nikafungua gesi, nikawasha.

Mzee Nasoro hakusema kwamba lile jiko linafunguliwa kwa ncha ya kidole. Mimi nililifungua kama bomba la maji. Likatoa mlio, vuuuu, kama treni inaingia stesheni, moto ukalizunguka pipa lote. Mama mkwe akaruka. Ungo ukaruka naye. Yeye akarudi chini kwanza, unga ukafuata.

Sikieni. Kuanzia kilemba mpaka ndala, mweupe. Nyusi nyeupe. Yanaonekana macho tu, mekundu, yananitazama mimi moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nioe. Kulwa akaingia ndani kucheka. Mimi nikangoja hukumu.

Mama mkwe akapenga unga puani. "Mwambie bwana wako," akasema polepole, "jiko lake limenibatiza kabla ya mtoto."

Nikamwomba akanawe. Akakataa. Uji wa pombe ukianza hauachwi, ukishika chini pombe yote inanuka moto, na watu wa Sikonge wanaokuja Jumapili watalisema hilo mpaka mtoto aolewe. Akamimina unga mwingine, akachukua mwiko wake mrefu kama kasia, akaanza kukoroga hivyo hivyo alivyo, mvuke unampanda. Nikapunguza moto kidogo, mlio ukabaki mkubwa lakini wa kuvumilika. Tukakaa hivyo muda mrefu, yeye anakoroga, mimi nashikilia mtungi kama mlinzi wa benki.

Baadaye akaacha kukoroga kidogo. Akajigusa chini ya jicho kwa kidole, akakiangalia kile kidole. Kikavu.

"Huu moto hauna moshi," akasema. Hakumwambia Kulwa. Aliniambia mimi.

Moyo wangu ulijaa, jamani, sitawaficha. Mama wa watu amelia machozi ya kuni tangu usichana, na leo amepika pombe macho makavu kwa sababu yangu. Akafungua mdomo tena, na naapa nililiona neno linakuja. Lilikuwa linaanza na "mwa".

Ndipo kilio kikaingia uwanja wa mbele, nami nikakimbilia huko.

Aliyetangulia ni Masima. Amejifunga kanga mbili, kichwani kilemba, mkononi fimbo, anatembea ameinama huku akikohoa. Nyuma yake Wagogo wenzake wawili wamebeba mto umefungwa kwenye shuka nyeupe, ndiyo maiti, wanaubembeleza na kulia machozi ya kweli kabisa. Hivyo ndivyo watani wanavyozika, mnajua, wanamuigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke, na hawanyamazi bila kupewa kitu. Nyuma yao sasa, taratibu, kwa adabu zote, Mzee Nasoro na wazee wawili wa msikitini, kanzu nyeupe, na mfuko wa sukari.

"Mimi ni mama mkwe wa Shija!" akalia Masima. "Nimekufa kwa njaa! Mkwe wangu kanilisha mchicha mwezi mzima! Nilipoomba chumvi kanipiga picha!"

Nikajaribu kumziba mdomo, akanikwepa kwa fimbo. Mzee Nasoro akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Jikaze, mwanangu. Ukiwa na uchungu, lia." Nikalia.

Kwa ule mlio wa jiko, mama mkwe nyuma ya nyumba hakusikia maneno, alisikia kelele tu. Akaja kuona. Akatokea kwenye kona ya nyumba na wingu la mvuke nyuma yake, mweupe wote, macho mekundu, kasia begani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wale waliobeba maiti waliitupa. Wakatoka bila kutumia mlango, na ule uzio wa michongoma wa jirani una mapengo mawili mapya hadi sasa hivi. Mzee mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti, mwenzake akamshika kanzu asibaki peke yake. Masima akaganda pale pale, amevaa kanga, anaangaliana na mtu anayemuigiza.

Mzee Nasoro peke yake hakurudi nyuma. Akameza mate, akainua mkono kidogo kwa heshima.

"Bibi," akasema, "samahani. Wewe ni wa huku, au wa huko?"

"Mimi ni wa Sikonge."

"Sikonge tunaijua. Tunauliza kama uko hai."

Mama mkwe akajitazama, akakung'uta mkono mmoja, unga ukaanguka. "Nilikuwa hai nilipoamka. Kwani mnamlilia nani?"

Masima, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, nyembamba, akasema, "Mama mkwe wa Shija."

"Mama mkwe wa Shija ni mimi."

Hapo wote wakanigeukia. Kulwa alikuwa ametoka ndani, naye akanigeukia. Nikatafuta neno la kusema, na neno pekee nililolipata ni lile tunalofundishwa utotoni.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Mkwe kunyimwa marahaba mbele ya wazee, ndugu zangu, ni heri ungepigwa kasia. Nikaona ubatizo unaondoka, pipa linarudi juu ya basi, na mimi nakuwa "huyo bwana" mpaka kaburini kwangu mwenyewe.

Mzee Nasoro akainua pua. "Kuna kitu kinaungua." Akapita kati yetu mbio na kanzu yake mpaka nyuma ya nyumba, sote tukamfuata, akainama kwenye jiko, akapunguza moto kwa ncha ya kidole, mlio ukakatika. Akachungulia pipa. Akanusa. Akanusa tena.

"Shija. Huu si uji wa msiba."

"Ni pombe, mzee," nikasema. "Ya ubatizo. Niliona aibu kukwambia. Nikakwambia uji, ukaniuliza nani amekufa, simu ikaita." Nikamweleza yote, na nilivyokuwa naeleza mambo yalizidi kuwa ya kijinga.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akajipangusa mikono. "Wapika pombe wote wa mji huu unadhani wananunua majiko wapi? Mimi nauza moto. Kinachokaa juu yake ni cha mwenye sufuria. Ungesema pombe, ningekupa lile la moto wa polepole. Hili ni la misiba na la kuchemshia maji ya wanafunzi wa bweni." Akamgeukia mama mkwe. "Bibi, mkono wangu umegusa gesi tu, pombe sijaigusa. Koroga, bado hujachelewa."

Mama mkwe akaingiza kasia, akakwangua chini, akaonja kwenye kiganja. Sote tukangoja, hata yule wa dua akanyamaza.

"Haijashika," akasema.

Halafu akavuta kigoda, akakaa, akawaambia wazee nao wakae. Mzee Nasoro akanyoosha mfuko wa sukari akisema rambirambi hairudi ilikotoka, mama mkwe akasema basi itaingia kwenye chai yenu. Kulwa akapika chai. Na hapo ndipo nilipoteseka kuliko pote, maana mama mkwe, mweupe vile vile, alikunywa chai ya msiba wake akamwuliza Mzee Nasoro alikuwa amepanga kusema nini juu yake.

"Sikuwa nakufahamu, bibi. Nilitaka kusema alikuwa mama wa watu, mkarimu, mwenye subira."

"Endelea," akasema mama mkwe.

Masima naye, bado na kilemba, akasema yeye msiba umeshatangazwa na watani hawatoki mikono mitupu. Mama mkwe akasema ana haki. Jogoo wangu ameondoka kwa bajaji, amekaa kiti cha abiria.

Wageni walipoaga, mama mkwe akaniita. Si kupitia kwa Kulwa. Nikaenda nikapiga magoti nikiangalia chini.

"Nilikupigia simu asubuhi," akasema. "Nilitaka kukwambia ulete kiberiti. Ukanikatia."

"Nisamehe mama."

"Mara mbili. Ya tatu ukazima."

"Nisamehe sana mama."

Nikasikia anakung'uta kilemba. "Sasa sikiliza, mwanangu," akasema, nami nikainua uso kabla ya kujizuia. "Vitu vya marehemu hugawiwa. Mimi nimeamka kabla hamjagawa, kwa hiyo nagawa mwenyewe. Mto ule ni wa Kulwa. Jiko hili ni langu. Jumatatu linapanda basi pamoja na pipa."

"Ndiyo mama."

"Marahaba," akasema.

Kwa hiyo jiko nililonunua leo sina. Jogoo sina. Uzio wa jirani naujenga kesho asubuhi. Lakini niliitwa mwanangu, na Kulwa ni shahidi, na Jumapili wote mnakaribishwa, pombe ipo na haijashika chini. Mkifika msalimieni mama kwa sauti ya kawaida, msimtumbulie macho, na tafadhali msinicheke.

Naishia hapo, simu inaita. Kioo kinasema MAMA MKWE. Yuko hapo uani, namwona dirishani, ananiangalia na simu sikioni. Ngoja nimpokee marehemu.